Acha kuambiwa ‘iko kwa damu’: Jeni zako zinasikiliza unavyoishi

Kuna sentensi moja utaisikia ukitoka Nyeri, upite Nanyuki, uendelee hadi Doldol: “Hiyo kitu iko kwa damu.” Msichana akikimbia vizuri, iko kwa damu. Kijana akifuata mbuzi kutwa nzima kwenye jua bila kulalamika, iko kwa damu. Mtoto akianguka hesabu, ni damu tena, ati hata babake hakuwa mtu wa vitabu.

Watu wanaipenda sentensi hii kwa sababu inamaliza mjadala. Ikishatamkwa, mwalimu hana haja ya kujisumbua, kaunti haina haja ya kujenga maabara, na wewe mwenyewe huna haja ya kujaribu. Mambo yalishaamuliwa kabla hujazaliwa, sasa tulia.

Leo nataka tuivunje hiyo sentensi, na nyundo nimeichagua tayari. Ni kalsiamu. Ndiyo, ile ile ya maziwa, mifupa na meno. Usihame bado, nipe dakika chache.

Ile asilimia moja

Shuleni tulifundishwa kwamba kalsiamu hujenga mifupa na meno, tukaandika kwenye daftari, tukapata alama zetu, mambo yakaishia hapo. Ni kweli. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu iliyo mwilini mwako iko kwenye mifupa na meno. Hadithi yenyewe iko kwenye ile asilimia moja iliyobaki.

Mwaka 1883 daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alikuwa akichunguza mioyo ya vyura iliyotolewa mwilini na kuwekwa kwenye maji ya chumvi. Mioyo iliendelea kudunda. Kisha ikagunduliwa kwamba yale maji yalikuwa ya mfereji. Alipotengeneza mchanganyiko uleule kwa maji yaliyosafishwa kabisa, mioyo ilizimika. Maji ya mfereji ya London yalikuwa na kalsiamu, na bila kalsiamu moyo hauwezi kudunda. Ukichemsha maji ya kisima na kuona ukoko mweupe umeganda ndani ya sufuria, sehemu kubwa ya ukoko huo ni madini ya jamii hiyo hiyo.

Kwa nini kalsiamu ina nguvu hivyo? Kwa sababu seli zako haziitaki ndani. Nje ya seli kuna kalsiamu nyingi mara elfu kumi hivi kuliko iliyo ndani, na seli hutumia nguvu saa zote kuisukuma nje au kuifungia kwenye maghala yake madogo. Fikiria geti la uwanja siku ya mechi kubwa: nje watu wamejaa hadi barabarani, ndani viti vitupu. Geti likifunguliwa hata kidogo tu, kila aliye ndani anajua mara moja.

Hivyo ndivyo seli hupokea habari. Mshipa wa fahamu ukiuambia msuli “jikunje”, kalsiamu inafurika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kisha inaondolewa, na kimya kinarudi.

Lakini kufurika peke yake hakusemi kitu. Lazima awepo wa kusikia. Hapo ndipo zinapoingia protini ambazo kazi yao ni kuihisi kalsiamu. Maarufu zaidi inaitwa kalmodulini. Ni protini ndogo, ina asidi amino 148 pekee, na nafasi nne za kunasa chembe za kalsiamu. Ikizinasa, inabadilika umbo, na kwa umbo hilo jipya inaweza kushika protini nyingine na kuzipa kazi.

Sasa sikia hii. Mpangilio wa asidi amino za kalmodulini ni uleule kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo. Mbuzi wa Doldol, ngamia, punda milia na wewe unayesoma haya kwenye simu mna kalmodulini moja. Maumbile yamekuwa yakibadilisha pembe, rangi na urefu wa shingo kwa mamilioni ya miaka, lakini kifaa hiki yamekiacha kilivyo. Watu wachache wanaozaliwa na hitilafu ndogo katika jeni za kalmodulini wanaweza kupata mapigo ya moyo ya hatari wakiwa bado watoto. Hiki si kifaa cha kuchezea.

Habari inafikaje kwa jeni?

Karibu kila seli mwilini mwako ina DNA ileile. Seli ya ini na seli ya jicho zina kitabu kimoja chenye jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini. Zinatofautiana kwa kurasa zinazosomwa. Kwa hiyo unaposema “jeni zangu”, swali la kwanza liwe: zipi zimefunguliwa, na nani amezifungua?

Mara nyingi aliyezifungua ni kalsiamu, kupitia wale wasikilizaji wake. Nitakupa mifano mitatu.

Wa kwanza uko kwenye misuli na kwenye kinga ya mwili. Kuna protini inayoitwa NFAT ambayo hukaa nje ya kiini cha seli, imebandikwa fosfeti kama pikipiki iliyofungwa mnyororo na kanjo. Kalsiamu ikipanda na kubaki juu kwa muda, kalmodulini inaamsha protini nyingine, kalsinyurini, ambayo kazi yake ni kuzing’oa zile fosfeti. NFAT ikifunguliwa inaingia ndani ya kiini, inakaa juu ya DNA na kuanzisha usomaji wa jeni fulani. Kalsiamu ikishuka, fosfeti zinarudishwa na NFAT inatolewa nje. Kumbe jeni husomwa pale tu habari inapoendelea kuja.

Wa pili uko kwenye ubongo. Unapojifunza, kalsiamu inaingia kwenye seli za fahamu, kalmodulini inaamsha vimeng’enya, na hivyo vinaiwasha protini inayoitwa CREB ndani ya kiini. CREB hufungua jeni zinazosaidia kumbukumbu kudumu. Kumbukumbu ya muda mrefu inahitaji protini mpya, na protini mpya zinahitaji jeni zisomwe.

Wa tatu una jina la kupendeza: DREAM, yaani ndoto kwa Kiingereza. Watafiti wa Uhispania waliieleza mwaka 1999. Hii haihitaji mjumbe. Yenyewe hukaa juu ya DNA na kuizuia jeni inayotengeneza dinofini, moja ya dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea. Kalsiamu ikiishika, DREAM inaachilia DNA na jeni inafunguka. Mwaka 2002 ilionekana kwamba panya wasio na protini hiyo walihisi maumivu kidogo kuliko wenzao.

Ukiiweka pamoja hii mifano mitatu, ile sentensi ya “iko kwa damu” inaanza kuyumba. Jeni ziko, sawa. Lakini kila siku zinasubiri habari kutoka kwa mwendo wako, masomo yako na maumivu yako.

Ndereba na mbuzi wa Mukogodo

Tuongee mbio, kwa sababu ndiko “damu” hutajwa zaidi.

Catherine Ndereba ni mtu wa Nyeri. Oktoba 2001 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Alishinda Boston mara nne, akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007, na akaleta nyumbani fedha mbili za Olimpiki, ya 2004 na ya 2008. Pale Nyahururu alitoka Samuel Wanjiru, aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika marathoni, Beijing 2008.

Ukiwauliza watu wa mtaa, watakwambia walizaliwa hivyo. Sasa tazama ndani ya msuli.

Misuli ina nyuzi za aina mbili kuu. Nyuzi za kasi hujikunja kwa nguvu na kuchoka haraka. Nyuzi za polepole hazina fujo, lakini zinaenda saa nyingi. Mishipa ya fahamu inayoongoza nyuzi za polepole hutuma amri kidogokidogo bila kukoma, kwa hiyo kalsiamu ndani yake inabaki imepanda kiasi kwa muda mrefu. Ile ya nyuzi za kasi hutuma amri kali za ghafla, kalsiamu inaruka juu kisha inaanguka.

Kalsinyurini hupenda habari ya kwanza, ile ya polepole isiyokatika. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba njia hii ya kalsinyurini na NFAT ndiyo hufungua jeni za nyuzi za polepole. Panya walipopewa dawa ya kuizuia kalsinyurini, sehemu ya nyuzi zao za polepole zilianza kugeuka kuwa za kasi. Jeni zao hazikuguswa. Kilichozuiwa ni habari kufika.

Sasa mfikirie mtoto wa Mukogodo anayefuata mifugo tangu asubuhi. Hakimbii. Anatembea, anasimama, anatembea tena, kilomita baada ya kilomita. Kila hatua ni ujumbe mdogo wa kalsiamu unaobisha kwenye mlango wa jeni zilezile ambazo mwanariadha huzibisha akiwa mazoezini alfajiri. Mtu akimwona mtoto huyo hachoki anasema ni damu, ilhali ni miaka ya kutembea.

Nisieleweke vibaya. Jeni zina uzito wake. Watu hawazaliwi na mapafu sawa, urefu sawa wala mchanganyiko sawa wa nyuzi, na mazoezi hayawezi kukugeuza uwe mtu mwingine kabisa. Wengi wetu tungefanya mazoezi ya Ndereba na bado tungemwona mgongo tu. Jeni zinachora mipaka ya kiwanja. Lakini hakuna mtu anayejua mipaka yako iko wapi kabla hujacheza, na anayekwambia ameiona kwa kutazama ukoo wako anakudanganya.

Ukitaka mfano wa karibu, nenda Laikipia Kaskazini, Il Polei. Huko ndiko walitoka vijana wa Kimaasai waliojifunza kriketi, wakawa wanacheza wamevaa shuka na shanga, wakafika hadi Cape Town kwa mashindano mwaka 2012, na wakautumia mchezo huo kupigania wasichana wasikeketwe. Niambie, kriketi ilikuwa kwa damu ya nani?

Au sikiliza wazee wa Mukogodo wenyewe. Mababu wa wengi wao walikuwa Wayaaku, wawindaji na warina asali walioishi kwenye mapango ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20, ndani ya miongo michache, wakawa wafugaji na lugha ya nyumbani ikawa Kimaa. Damu haibadiliki kwa kasi hiyo. Maisha ndiyo yalibadilika, na watu wakayamudu.

Kabla hujanunua vidonge

Najua tayari kuna mtu ameshafikiria: kama kalsiamu inafungua jeni, basi nimeze nyingi. Na kuna wauzaji wanaongoja ufikirie hivyo. Utawapata kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye stendi ya matatu na hata kanisani baada ya ibada, na mkebe wa vidonge unaouzwa kwa bei ya chakula cha wiki.

Hesabu haiendi hivyo. Shingoni mwako kuna tezi nne ndogo ambazo kazi yake ni kupima kalsiamu ya damu. Zina kipokezi chake maalumu, kilichotambuliwa mwaka 1993. Kalsiamu ikishuka kidogo, tezi zinatoa homoni inayochota nyingine kutoka kwenye mifupa na kupunguza inayopotea kwenye mkojo. Ikipanda, homoni inapunguzwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, damu hukaa katika kiwango kilekile, umekunywa kikombe kimoja au vitatu. Kinachofungua geti la seli ni kazi inayofanywa na msuli au ubongo. Kidonge hakiwezi kukufanyia mazoezi, na kikizidi kinaweza kukuletea mawe kwenye figo na kufunga choo.

Mwili unahitaji kalsiamu ya kutosha, hilo halina ubishi. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe kikubwa cha maziwa kina kama 300. Ukiwa Doldol, maziwa ya mbuzi na ngamia yapo msimu ukiwa mzuri. Ukiwa mjini kuna omena anayeliwa na mifupa yake, uji wa wimbi, terere na sukuma wiki. Mama mjamzito ambaye chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha anaweza kuandikiwa vidonge kliniki ili kumkinga na presha ya ujauzito, na hivyo asiviache. Lakini hivyo huandikwa na mhudumu wa afya, na si mtu aliyekualika kwenye “biashara”.

Swichi hiyohiyo inaweza kukuangusha

Kuna upande mwingine ambao kijana wa mjini anafaa kuujua. Swichi ya kalsinyurini iko pia kwenye moyo. Mwaka huohuo wa 1998, watafiti walitumia panya ambao kalsinyurini ya moyo wao ilikuwa imewashwa muda wote. Mioyo yao ilivimba kupita kiasi na mwishowe ikashindwa kazi. Kwa binadamu, presha ya juu isiyotibiwa huulazimisha moyo kusukuma kwa shida mchana na usiku, na njia hiyohiyo huchangia kuufanya uwe mnene na mgumu. Mazoezi ni tofauti: yanaupa moyo kazi, kisha yanaupa mapumziko. Presha haiupi mapumziko.

Ndiyo maana sielewi kijana wa miaka 25 anayesema presha ni ya wazee. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha. Ukimwona wa kijiji chako, mnyooshee mkono akupime. Ni dakika chache.

Kuzima swichi hii pia kunaokoa maisha. Mtu aliyepandikizwa figo anahitaji kinga yake isiishambulie figo ngeni. Dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu, inafanya kazi kwa kuibana kalsinyurini ili NFAT isiingie kwenye kiini na seli za kinga zisipige kengele. Jambo hilo lilifichuliwa mwaka 1991. Wako Wakenya wanaotembea leo mitaani wakiwa na figo ya ndugu yao kwa sababu kuna watu walikaa wakauliza kalsiamu inaongeaje na jeni.

Sasa turudi shuleni

Hao waliouliza walikuwa na kitu kimoja ambacho mwanafunzi wa Laikipia Kaskazini mara nyingi hana: mahali pa kuulizia. Maabara, mwalimu wa bayolojia, hadubini inayofanya kazi.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na mfumo unawataka wachague njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwa karatasi ni uhuru. Lakini shule isiyo na maabara inakuwa imeshamchagulia mtoto. Kisha atakapokuwa hakuchukua sayansi, mtu atakuja na ile sentensi: watu wa huko si wa sayansi, wao ni wa mifugo na mbio, iko kwa damu.

Huo ndio ubaya wake. Ile sentensi inachukua uamuzi wa bajeti na kuuvisha shuka ya maumbile.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na haya niliyokuandikia hayakunihitaji niwe na digrii. Yalihitaji muda, bando na ukaidi. Lakini msichana wa Doldol hafai kutegemea bando. Anafaa kuweka tone la maji chini ya hadubini akiwa na miaka 15, aone seli kwa macho yake, ajue kwamba mbuzi wa nyumbani kwao na profesa wa Nairobi wana kalmodulini moja. Hapo ndipo atakapouliza swali ambalo hakuna mtu amewahi kuuliza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaogawa pesa za kaunti, za maeneo bunge na za wizara: kabla hamjanunua jezi nyingine za timu, hesabuni maabara zilizopo kati ya Nanyuki na Doldol, kisha muwaambie wazazi mmehesabu ngapi. Basari ni nzuri, lakini haimfundishi mtu kemia mahali ambapo hakuna hata kijiti cha kupimia asidi.

La pili ni kwako. Kama unasoma, usikremu usiku mmoja. Rudia somo leo, kesho kutwa na wiki ijayo, kwa sababu ubongo huweka kinachobisha mara kwa mara. Kama umekaa kwenye kiti cha kibanda au juu ya pikipiki kutwa nzima, tafuta nusu saa ya kutembea, karibu kila siku. Usingoje gym wala viatu vya bei. Msuli wako hausomi lebo.

Na siku mtu atakapokwambia kitu fulani hakimo kwenye damu yenu, usigombane naye. Muulize tu amezifungua jeni zako lini, akaona zimeandikwa nini.